Kabla ya Kuzamia: Mwongozo wa Familia kwa Safari ya Mafunzo Visiwani

Bahari ni jirani yetu wa kwanza. Imetulisha, imetuletea wageni na elimu, na imetufunza majina ya pepo kabla hatujajua kusoma. Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, imetajwa miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu: humo hupatikana nyama laini na mapambo, na juu yake hupita vyombo vya safari. Pamoja na hayo, wengi wetu twaijua bahari kwa juu tu. Kaskazi inapoanza, mashua hutoka Shimoni, Diani na Watamu zimejaa wageni waliokuja kutazama matumbawe yetu. Nahodha ni mwanetu, baharia ni mwanetu, na abebaye mitungi ya hewa ni mwanetu. Mkufunzi anayevaa mtungi na kushuka na wageni, mara nyingi ametoka ng'ambo.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapokaribia, swali husikika barazani na majumbani: je, yafaa kuwapeleka vijana wakajifunze kuzamia? Watakwenda wapi, kwa muda gani, na sala, sitara na usalama wao vitalindwaje? Juma hili tumeona tulijibu kwa urefu, maana safari ya namna hii ikipangwa vyema huwa elimu na huenda ikawa riziki. Ikipangwa ovyo huweza kugharimu maisha.

Kwa nini tujifunze

Babu zetu walizama kwa pumzi zao. Ndugu zetu wa Ghuba nao walitafuta lulu kwa kufungwa jiwe mguuni na kubanwa pua kwa kibanio, wakivutwa juu kwa kamba. Mzamiaji wa pumzi hushuka na hewa aliyoivuta juu na hurudi na hewa ile ile. Mtungi ni jambo jingine kabisa, nao ni mgeni katika dunia: kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi kwa kadiri ya haja kilibuniwa na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Kwa kifaa hicho mtu huweza kukaa chini ya maji kwa muda mrefu, na huweza kupata maradhi ambayo mzamiaji wa pumzi hakuyajua sana.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Katika ukanda huu wa Bahari ya Hindi wako vijana waliopewa mitungi na wafanyabiashara wa jongoo bahari bila kufunzwa hata siku moja. Hushuka mara nyingi kwa siku, hupanda kwa haraka, na baadhi yao hurudi nyumbani wakiwa hawawezi kusimama. Kenya imepiga marufuku kuvua jongoo bahari kwa mitungi, lakini marufuku peke yake haimfunzi kijana kwa nini miguu ya mwenzake imekufa ganzi. Elimu ndiyo humfunza. Kwa hiyo mafunzo haya yasihesabiwe kuwa anasa ya watalii. Kijana wa pwani anayehitimu hupata mambo mawili: kinga ya maisha yake, na mlango wa kazi ambayo sasa hushikwa na wengine.

Yanayotokea chini ya maji

Mzazi hahitaji kuwa mzamiaji ili ayafahamu haya, na akiyafahamu hatadanganywa.

Juu ya nchi kavu twabeba uzito wa hewa ya anga. Kila mita 10 za maji huongeza uzito mwingine kama huo. Kwa hiyo hewa iliyojaza mapafu juu ya maji hubanwa ikawa nusu katika kina cha mita 10, na theluthi katika mita 20. Kinyume chake ndicho chenye khatari: aliyejaza mapafu kwa mtungi akiwa mita 10 chini, kisha akapanda huku ameziba pumzi, hewa ile hutaka kuwa maradufu kifuani mwake, na mapafu yaweza kupasuka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya elimu hii ni moja: usizuie pumzi kamwe. Mtoto aliyezoea kupiga mbizi kwa pumzi huona kuzuia pumzi ni ushujaa, naye ndiye wa kuambiwa hili mara mbili.

Kanuni ya pili ni kupanda taratibu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Chini ya maji naitrojeni huyeyuka damuni na katika nyama, na kadiri mtu akaavyo chini zaidi ndivyo inavyozidi. Akipanda polepole hutoka kwa njia ya pumzi bila madhara. Akipanda mbio hutoka kwa mapovu, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo yakiingia kwenye viungo huleta maumivu. Yakiingia kwenye uti wa mgongo huleta kupooza. Kwa sababu hiyo wakufunzi wengi huelekeza mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutokeza juu.

Kanuni ya tatu ni ya masikio. Mtu huyasawazisha kwa kubana pua na kupuliza kwa upole, mapema na mara kwa mara. Mwenye mafua hawezi kusawazisha vizuri, basi asizame siku hiyo hata kama ada imelipwa.

Ngazi za mafunzo

Yapo mashirika kadhaa ya kimataifa yatoayo vyeti. CMAS liliundwa mwaka 1959, na PADI mwaka 1966. Yako pia SSI na BSAC. Vyeti vyao hutambuliwa takriban kila mahali. Kwa kuwa vyuo vingi vya pwani yetu na visiwa vya Tanzania hufuata utaratibu wa PADI, twaueleza huo.

Ngazi ya kuonja ni ya siku moja. Mgeni hufunzwa mambo machache kisha hushuka pamoja na mkufunzi, bila kupita mita 12. Yafaa kwa aliye na shaka kama atapenda, lakini haimpi cheti cha kuzamia.

Ngazi ya kwanza ya cheti huchukua kwa kawaida siku 3 au 4. Ina sehemu tatu: masomo ya nadharia, mazoezi katika maji tulivu, na mizamo 4 baharini. Mwanafunzi hupimwa kuogelea mita 200 bila msaada, au mita 300 akiwa na miwani, mrija na mapezi, na kuelea dakika 10. Anayehitimu huruhusiwa kufika mita 18 pamoja na mwenziwe. Mtoto wa miaka 10 huweza kuanza, kwa cheti cha watoto. Wa miaka 10 na 11 hawapiti mita 12, na hushuka na mzazi mwenye cheti au mkufunzi. Akifika miaka 15 hupata cheti kamili.

Ngazi ya pili humfikisha mzamiaji mita 30. Baada yake kuna mafunzo ya uokozi, kisha kiongozi wa wazamiaji, ambaye huwa na umri usiopungua miaka 18 na mizamo isiyopungua 60 anapohitimu. Mkufunzi huhitaji mizamo 100. Hii ndiyo ngazi ya ajira, na haiparamiwi kwa likizo moja. Mzazi mwenye kijana mwenye hamu na atazame njia nzima tangu mwanzo, ajue atakapofika.

Hapa hatuna budi kusema ukweli mmoja. Wengi wetu tumezaliwa ufuoni na hatujui kuogelea, na wasichana wetu zaidi. Kabla ya kutafuta chuo cha kuzamia, tafuteni wa kufundisha kuogelea. Haishindikani: huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafunza wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Miezi mitatu ya mazoezi nyumbani hupunguza gharama na hofu visiwani.

Kuchagua kisiwa

Kwa anayeanza, Wasini yatosha. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti iko jirani, ina eneo la kilomita za mraba 28 la Kisite na 11 la Mpunguti, na miamba yake mingi si ya kina kikubwa. Pomboo huonekana mara kwa mara. Kijiji ni cha Waislamu, msikiti uko karibu, na chakula hakina shaka. Kinamama wa Wasini wana njia yao ya mbao kupita bustani ya matumbawe ya kale yaliyo nchi kavu, na wanakijiji wamejitia katika kazi ya kupanda upya matumbawe baharini. Ada ya hifadhi hulipwa kwa serikali kwa njia ya mtandao, na mwananchi mwenye kitambulisho hulipa kiwango chake. Msikubali kutozwa cha mgeni.

Aliyehitimu ngazi ya kwanza na ya pili aweza kukaa hapa hapa Mombasa, akashuka kuitazama Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo na ambayo ilizamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki.

Mafia ni ya mwenye nafasi ya kusafiri. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, nayo ina kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole ina maji yaliyokingwa yanayomfaa mwanafunzi, ingawa mlango wake una mkondo mkali. Upande wa Kilindoni, takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, huja potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyedhuru mtu.

Pemba ni ya waliokwisha kuiva. Mkondo uliopo kati yake na bara una kina cha mamia ya mita, na miamba yake huporomoka kama ukuta. Mikondo ya Njao na Fundo haimsubiri mwanafunzi. Lakini magharibi ya Chake Chake kuna Misali, na kisiwa hiki kina kisa ambacho kila familia yetu ingefaa kukijua. Wapemba husimulia kuwa Nabii Khidhri, wao humwita Hadhara, alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake; na jina likabaki. Misali ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata wavuvi wapigao dago hapo walifundishwa utunzaji wa bahari kwa misingi ya Uislamu, wakisaidiwa na taasisi ya mwanachuoni Fazlun Khalid: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, si mmiliki, na kwamba kuharibu mwamba ni ufisadi. Mzamiaji Mwislamu anayeshuka Misali na ashuke na hilo moyoni. Asiguse tumbawe, asilikanyage, asichukue kombe. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika bahari hii, na yanayorejea hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka.

Kuchagua siku

Katika jambo hili sisi tuna elimu ambayo wageni huilipia. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ni makubwa na vyuo kadhaa hufunga. Masika ya Aprili na Mei hutia maji tope. Maleleji ya Oktoba na Novemba huwa mazuri pia mvua za vuli zisipozidi.

Ndani ya msimu, tazameni mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mikondo hukaza. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu, bahari hutulia. Mwanafunzi na aanze katika maji mafu. Kalenda iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya saumu na idi, basi, ndiyo itakayowachagulia juma la kuzamia.

Sala, sitara na saumu

Mizamo miwili ya siku hutenganishwa na mapumziko, kwa kawaida saa nzima au zaidi, ili mwili utoe naitrojeni. Mapumziko hayo yapangwe yaafikiane na Adhuhuri, na nahodha aambiwe mapema. Maji ya bahari ni tohara na yatosha kwa udhu. Anayetawadha kabla ya kuvaa suti ya kuzamia, na udhu wake usitenguke, hana haja ya kuivua. Kwa suala la kufupisha na kukusanya sala, muulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka, maana hukumu hufuata umbali na muda wa kukaa.

Suti ya kuzamia husitiri mwili lakini hubana. Dada zetu huvaa juu yake kanzu fupi nyepesi ya kuogelea au sketi, na kofia ya kuzamia hufunika nywele na shingo. Nguo isiwe pana kiasi cha kunasa kwenye vifaa. Mwombeni mwanamke mkufunzi tangu mnapoweka nafasi, maana mkufunzi humshika mwanafunzi mkono na kumrekebisha mikanda. Wanawake wakijikusanya wanne au watano, chuo hupata sababu ya kuwapangia darasa lao peke yao.

Ama saumu, twasema wazi: msizame na saumu. Upungufu wa maji mwilini huongeza uwezekano wa ugonjwa wa mapovu, na mzamiaji aliyechoka hukosea. Ramadhani katika miaka hii huangukia ndani au karibu ya kaskazi, basi safari iwekwe kabla yake au baada ya Idi. Vivyo hivyo, aliyekesha na mirungi usiku kucha hafai kushuka asubuhi.

Afya na maswali ya kumuuliza mwenye chuo

Kila mwanafunzi hujaza karatasi ya afya. Ijazwe kwa ukweli. Pumu, maradhi ya moyo, kifafa, matatizo ya masikio au upasuaji wa karibuni vyahitaji kauli ya daktari. Mjamzito asizame. Kuficha ugonjwa ili mtoto asikose safari ni kumpeleka penye khatari kwa mikono yetu.

Kisha ulizeni bila haya. Je, mkufunzi ana cheti kilicho hai, na twaweza kukihakiki kwa shirika lake? Atachukua wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Wanne yatosha. Je, mashua ina hewa ya oksijeni ya dharura, redio na koti la kuokolea kwa kila abiria? Mitungi hukaguliwa lini, na hewa hujazwa wapi? Chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi leo, na mgonjwa hufikishwa kwa njia gani? Bima ya kawaida ya safari huweza kutolipia uzamiaji. Je, yetu inalipia? Na bei iliyotajwa inajumuisha vitabu, cheti, vifaa, mashua na ada ya hifadhi, au kila kimoja kina bei yake? Chuo kizuri hufurahia maswali haya. Kinachokasirika, kiacheni.

Ratiba ya juma moja

Nadharia isomwe nyumbani kabla ya kuondoka. Vyuo vingi huruhusu kusoma kwa simu, na hivyo siku moja ya malazi huokolewa. Siku ya kwanza ni ya kufika, kupumzika na kujaribu vifaa. Ya pili ni mazoezi katika maji tulivu. Ya tatu na ya nne ni mizamo miwili miwili. Ya tano ni ya akiba, kwa kuwa upepo hauna ahadi. Bahari ikiwa njema, familia nzima hutoka kuogelea kwa miwani na mrija, na wazee huona walichokilipia. Ya sita ni ya kurejea. Anayerudi kwa ndege asiruke kabla ya saa 12 kupita baada ya mzamo mmoja, au saa 18 baada ya mizamo kadhaa, kwa sababu hewa nyepesi ya juu huweza kuamsha mapovu yaliyobaki mwilini. Wanaokwenda visiwa vya Tanzania wachukue pasipoti na cheti cha homa ya manjano.

Gharama ni nzito kwa wengi wetu, na hatutazipamba. Zipo njia za kuzipunguza: kwenda kundi la familia tatu au nne na kuomba bei ya wenyeji, kukaa kwa ndugu badala ya hoteli, na kuuliza kama chuo kinampa kijana mafunzo badala ya mshahara wa kazi ya msimu, mapatano ya namna hiyo yaandikwe. Madrasa na vyama vya akiba vyaweza kumdhamini kijana mmoja kila kaskazi. Mmoja akihitimu, wa pili atafundishwa kwa Kiswahili, na mwenzetu ambaye hakijui Kiingereza hatabaki kubeba mitungi tu.

Juma hili basi, kabla ya kuweka akiba wala kununua tiketi, fanyeni mambo mawili: mpeleke mtoto maji ya kiunoni mkaone kama aelea dakika 10, na fungueni kalenda mtafute maji mafu ya kaskazi ijayo. Mengine yatafuata kwa hatua zake, inshallah.